Weupe wa Aina Mbili

Majengo, homa yoyote ni malaria mpaka upimwe. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa tumbawe.

Nilikuwa nimeacha chuo, nikapata kibarua cha kusafisha tangi la maji ya chumvi kwenye nyumba moja huko Lavington, matatu mbili kutoka kwetu. Asubuhi moja nikakuta tumbawe la matawi limekuwa jeupe kuanzia chini. Mwenye nyumba akaniuliza lina nini. Nikajibu bila kusita: ni joto. Nilikuwa nimesoma habari za 1998.

Mwaka huo El Niño ilipasha moto Bahari ya Hindi. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno unaomlisha na kumpa rangi. Joto likizidi, mwani hutoka. Nyama hubaki, ila angavu kama plastiki, na mfupa mweupe unaonekana chini yake. Hapo tumbawe lina njaa lakini bado li hai. Maji yakipoa mapema, hupata nafuu. Pwani yetu hayakupoa mapema. Miamba mingi ya Kenya ilipoteza kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe yake hai.

Basi nikapunguza joto la tangi, nikangoja. Siku tatu baadaye weupe ulikuwa umepanda hadi karibu na ncha.

Kumbe niliruka 2002. Mwaka huo watafiti waliokuwa wakifuatilia miamba ya Kenya, akiwemo Tim McClanahan, waliona kifo cha aina nyingine. Matumbawe ya jamii za Astreopora, Montipora na Echinopora hayakuwa yamepauka tu. Nyama yenyewe ilikuwa inakufa, mfupa unabaki uchi. Vipande vikapelekwa chini ya darubini, na kuvu ikashukiwa. Ripoti yao ilitoka 2004.

Kutofautisha weupe huo wa aina mbili hakuhitaji maabara. Chukua kioo cha kukuzia. Vinywa vidogo vya tumbawe bado vipo? Basi limepauka. Kuna mpaka mkali, huku nyama, kule mfupa mtupu? Hiyo nyama inakufa, na kungoja ni kuua. Kata tawi juu ya mpaka, uokoe ncha, kisha upime maji, maana washukiwa ni wengi: chumvi iliyobadilika ghafla, bakteria, minyoo bapa wanaotafuna.

Hata wakubwa bado wanabahatisha. Huko Florida, ugonjwa wa kupoteza nyama ulioonekana 2014 karibu na Miami hupakwa dawa yenye amoksilini, ile ile tunayonunua kwa duka la dawa mtaani. Huzuia kidonda kisienee, lakini chanzo chenyewe bado kinabishaniwa.

Siku ya nne nilitazama kwa kioo. Hakukuwa na kinywa hata kimoja. Nikamwambia mwenye nyumba haikuwa joto, nilikosea.

“Sasa ilikuwa nini?”

Sikuwa nimepima maji siku ile ya kwanza. Sikuwa na jibu.