Magari ya kale na ya mbio: Yanavyotazamwa, na kwa nini yanazidi kuadimika

Mpenzi wa magari ya kale nchini Kenya ana nafasi mbili kuu za kuyaona kwa macho yake. Ya kwanza ni Concours d'Elegance ya Nairobi, shindano la umaridadi wa magari na pikipiki linaloandaliwa na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo. Hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi ulioko barabara ya Ngong, aghalabu mwezi wa Septemba. Ya pili ni East African Safari Classic Rally, mbio zilizoanzishwa mwaka wa 2003 kuadhimisha miaka 50 tangu Safari ya kwanza.

Katika hafla ya kwanza, gari husimama nyasini na watu wakalizunguka watakavyo. Katika ya pili, gari hupita mbele ya mtazamaji kwa sekunde chache na kumwachia vumbi. Aliyehudhuria zote mbili anajua kwamba kila moja inahitaji jicho lake.

Jina la Concours d'Elegance ni la Kifaransa. Asili yake ni desturi ya matajiri wa Paris wa karne ya 17 waliopitisha magari yao ya farasi katika bustani za jiji ili watu wayatazame na kuyasifu. Injini ilipochukua nafasi ya farasi, desturi ilibaki. Shindano la Villa d'Este nchini Italia lilianza mwaka wa 1929, na lile la Pebble Beach, California, mwaka wa 1950. Hayo mawili ndiyo yanayotajwa zaidi duniani hadi leo.

Anayefika Ngong kwa mara ya kwanza huenda akashangaa kuwa gari la bei ghali halina uhakika wa kushinda. Waamuzi hutazama hali na usafi: rangi na bodi, viti na dashibodi, injini, buti, na hata uvungu. Ndiposa asubuhi na mapema utawaona watu wazima waliovalia nadhifu wamelala chali chini ya magari yao, mswaki mkononi, wakisugua mahali ambapo mtu wa kawaida hatupii jicho maishani mwake. Gari dogo lililotunzwa na mwenyewe kwa miaka 30 linaweza kulishinda la kifahari lililoachiwa dereva.

Huo ndio uzuri wa shindano la Nairobi. Hata hivyo, umaridadi na uadimu ni mambo mawili, na ni uadimu unaostahili kuwatia wasiwasi wapenzi wa magari nchini.

Sababu ni hii. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kwa jumla hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini ikiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina sababu zake, na msafiri wa matatu hana neno nayo. Lakini kwa magari ya kale matokeo yake ni kama ya mti usiootesha chipukizi. Mengi ya magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 tunayoyaona humu nchini ni yale yaliyoingia au kuunganishwa hapa wakati wake. Likiuzwa ng'ambo, au likikatwakatwa na kupimwa kwa kilo kama chuma chakavu, si rahisi lingine kuja kujaza pengo. Yale ya kigeni yanayoonekana katika Safari Classic huletwa kwa muda tu na kurudishwa makwao mbio zikiisha.

Kusoma gari

Jambo la kwanza la kutazama ni nambari ya usajili. Mfumo wa sasa, ambapo herufi tatu na tarakimu tatu hufuatwa na herufi moja ya mwisho, ulianza mwaka wa 1989. Kwa hivyo gari ambalo nambari yake inaanza kwa K na kuishia kwa tarakimu, bila herufi nyuma, limekuwa katika barabara za Kenya tangu kabla ya hapo. Nambari hiyo ni cheti cha kuzaliwa. Baadhi ya wamiliki huitunza kuliko hata rangi ya gari lenyewe.

Jambo la pili halionekani kwa nje. Kila gari hutoka kiwandani likiwa na nambari ya chesi na ya injini. Nambari hizo zikipatana na kumbukumbu za kiwanda, gari husemwa kuwa halisi. Injini ikiwa imebadilishwa, thamani hupungua hata kama gari linang'aa kama kioo. Hapa Kenya, ambako fundi wa jua kali amezoea kutia injini ya gari hili katika bodi ya lile ili mwenyewe arudi kazini, magari mengi ya umri huo yalipoteza moyo wao wa kwanza zamani. Si aibu. Bila ufundi huo yangekuwa yamekufa kabisa.

Tofauti kati ya halisi na nakala si ubishi wa walevi. Ferrari 250 GTO, gari la mbio lililotengenezwa kati ya 1962 na 1964, yako 36 tu, na moja liliuzwa katika mnada wa California mwaka wa 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48 za Marekani. Mei 2022, kampuni ya Mercedes-Benz iliuza mojawapo ya magari mawili ya 300 SLR Coupe ya mwaka wa 1955 kwa euro milioni 135. Pesa kama hizo zikiwa mezani, waongo nao hukaribia. Kwa gari lolote linalodaiwa kuwa liliwahi kushiriki mbio, karatasi na picha za wakati huo zina uzito kuliko maneno ya muuzaji.

Magari ya Safari

Kenya haijawahi kuunda Ferrari, lakini imeyapa magari ya kawaida sifa ambayo viwanda vyake havikuitarajia.

Mwaka wa 1953, mbio za kwanza ziliitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kulingana na bei yake dukani, wala hapakutangazwa mshindi wa jumla. Ila Volkswagen ya Alan Dix ndiyo iliyopoteza alama chache zaidi. Volkswagen hiyo ni ile ndogo yenye mgongo wa kobe. Injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayoisukuma, na ndiyo maana ilipenya kwenye matope ambamo magari makubwa yalizunguka papo hapo. Tena hupozwa kwa hewa. Haina radieta, kwa hivyo hakuna maji ya kuchemka katika miteremko na miinuko ya Bonde la Ufa.

Peugeot 404 ilitawala muongo uliofuata. Ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na saba pekee yakamaliza. Mwaka wa 1968 hali ilikuwa vivyo hivyo, saba tu. Aliyeshinda mara hizo mbili za mvua na maangamizi ni mtu yule yule, Nick Nowicki. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Wazee wetu waliokuwa wakipanda Peugeot za abiria za masafa marefu, wamebanana kama dagaa, hawakuhitaji tangazo la biashara kuambiwa uimara wa magari hayo.

Katikati ya ushindi huo kuna wa Joginder Singh, mwaka wa 1965. Yeye na nduguye Jaswant waliendesha Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kuchoshwa na mbio kabla ya kufika mikononi mwao. Singh, fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Alifariki mwaka wa 2013 jijini London.

Halafu ikaja Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Edgar Herrmann alishinda nalo 1971, Shekhar Mehta 1973. Ushindi wa Mehta mwaka huo ulikuwa wa ajabu, kwani yeye na Harry Källström, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, walimaliza wakiwa na alama sawa, na ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Mehta aliongeza ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na hakuna aliyemfikia kwa idadi hiyo ya mataji matano.

Gari la Herrmann la 1971 liko wapi leo? Liko Zama, nchini Japani, katika ghala la kumbukumbu la Nissan, ambako wafanyakazi wa kampuni hiyo walilifufua mwaka wa 2013. Hatuwezi kuwalaumu Wajapani kwa kuthamini chao. Lakini Mkenya anayetaka kuliona gari lililojengewa jina katika matope yetu sharti apande ndege.

Kuna gari moja ambalo hadithi yake ilihitaji Safari Classic ili ikamilike. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari katika kipindi chote cha tangu 1953 hadi ilipoondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002. Ilikaribia. Mwaka wa 1974 Msweden Björn Waldegård aliongoza nayo, kisha ikamharibikia, akamaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh. Waldegård alikuja kushinda Safari mara nne, 1977, 1984, 1986 na 1990, lakini kwa Ford na Toyota. Mwaka wa 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi katika Safari Classic na Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi wake, na akashinda. Alifariki mwaka wa 2014. Waliosimama kando ya barabara mwaka huo waliona deni la miaka 37 likilipwa.

Safari Classic hukubali magari ya magurudumu mawili yanayosukumwa, ya miaka ya kabla ya katikati ya 1980. Sharti hilo lina maana. Audi Quattro ilipoonyesha katika miaka ya 1980 kuwa nguvu ikigawiwa magurudumu yote manne gari haliteleki, ufundi wa kuendesha ulibadilika. Gari la kale huingia kona kwa ubavu, dereva akilisahihisha kwa usukani na mafuta kwa pamoja, na huo ndio utamu wake kwa mtazamaji. Safari ya ubingwa wa dunia iliyorejea Naivasha mwaka wa 2021 ina kasi zaidi, lakini gari hupita kama limefungwa kwenye reli.

Swali linalowagawa wamiliki ni iwapo gari lililowahi kushindana linyooshwe na kupakwa rangi upya, au liachwe na makovu yake. Katika maonyesho ya ng'ambo, yasiyoguswa yamekuwa yakipewa heshima ya pekee katika miaka ya karibuni. Kwa maoni yetu, bonde katika mlango lililotokana na jiwe la Taita lina habari ambayo rangi mpya haiwezi kuisimulia. Mwenye kulifuta afikirie mara mbili. Vilevile, gari lisiloendeshwa huoza. Mipira ya breki hukauka, mafuta huganda katika kabureta, panya hula nyaya.

Kwa anayekwenda maonyeshoni, adabu ni chache. Usifungue mlango wala kuegemea bodi bila idhini. Zipu ya jaketi inatosha kukwaruza rangi ya miezi sita. Muulize mwenyewe afungue boneti, naye aghalabu atafurahi kuliko wewe. Barabarani mambo ni ya hatari zaidi. Simama mahali palipoinuka, kamwe si upande wa nje wa kona, na watoto wasiachiliwe. Gari la mwaka wa 1972 lina breki za mwaka wa 1972.

Asiyetaka vumbi afike katika kituo cha huduma alfajiri, mafundi wakikaza nati za mwisho. Injini huwashwa moja baada ya nyingine, na hata aliyefumba macho atazitofautisha: Ford Escort ya silinda nne ikikohoa na kukataa kutulia, Datsun ikinguruma kwa sauti moja ndefu, na Porsche ikikwaruza kutoka nyuma kama cherehani kubwa.