Ummul-Muuminin: Cheo Kilichokuja na Kazi

Ndugu na dada zangu, tangu madrasa tumezoea kusema Mama Khadija, Mama Aisha. Hebu tujiulize: kwa nini mama na si malkia? Wafalme wa Uajemi na Rumi wa zama zile walikuwa na malkia zao.

Jibu liko katika Surat Al-Ahzab, iliyoshuka Madina. Aya ya 6 yasema wake za Mtume (SAW) ni mama wa waumini. Si mama wa nasaba, maana waumini hawakuwarithi. Ni mama wa heshima, na aya ya 53 ikaharamisha kuwaoa baada yake.

Je, cheo kilileta raha? La. Aya ya 28 na 29 ziliwapa hiari: pambo la dunia waachwe kwa wema, au Allah na Mtume wake. Wakachagua la pili. Bi Aisha (RA) amesimulia kuwa miezi ilikuwa ikiandama bila moto kuwashwa nyumbani kwao, chakula ni tende na maji. Tukumbuke hilo tukiona futari zetu.

Kilicholeta ni kazi. Hudaybiya, mwaka 628, Swahaba walihuzunika wakawa wazito kuchinja na kunyoa. Bi Ummu Salama (RA) akamshauri Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa. Akafanya hivyo, na wote wakafuata. Bi Hafsa (RA) alitunza mus-haf ambao Sayyidna Uthman aliuazima kunakili. Bi Aisha alipokea hadithi zaidi ya 2,000, na Swahaba wakubwa walimuuliza mas-ala ya mirathi.

Na Bi Khadija (RA)? Alifariki Makka karibu mwaka 619, aya haijashuka. Lakini tunamwita Mama, kwani kazi aliitanguliza: alimtuliza Mtume baada ya wahyi wa kwanza, akatoa mali yake.

Leo mke wa kiongozi tunamhesabu kwa magari na walinzi. Hata katika vijumuiya vyetu, mke wa mwenyekiti twamtafutia kiti cha mbele, basi. Dada, ukipewa cheo, ulizia kazi yake kwanza. Na sisi ndugu, Swahaba walikaa nyuma ya pazia wakisomeshwa na Mama Aisha. Mbona dada akitoa rai ya ilmu kwenye darsa zetu, tunachekeana?

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.