Kusi haliishii Mombasa

Neno kusi tumewaachia wavuvi na mabaharia, kana kwamba upepo huo ukifika Mombasa hurudi baharini. Sivyo. Baridi ya Julai inayowapeleka watoto wa Kayole na Umoja, jijini Nairobi, shuleni wakiwa na sweta mbili ni kazi ya kusi hilohilo.

Kuanzia Juni hadi Agosti, nchi za kusini mwa dunia zikiwa katika majira ya baridi, hewa huvuma kutoka huko ikipita juu ya Bahari ya Hindi na kubeba unyevu. Kutoka pwani hadi Nairobi hupanda zaidi ya mita 1,600. Ikipanda hupoa, na unyevu wake huwa mawingu. Juu yake kuna tabaka la hewa kavu na yenye joto, kama kifuniko cha sufuria, linalozuia mawingu hayo kurefuka hadi yalete mvua kubwa. Tunaambulia rasharasha, na nguo zilizoanikwa Jumamosi kwenye roshani za Pipeline huwa bado mbichi Jumatatu.

Mvua kubwa hutufikia hasa pepo za kusi na kaskazi zinapokutana karibu na ikweta: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba.

Majira haya ya baridi yana jina zuri, kipupwe. Watangazaji wetu walitumie. Nanyi wasomaji, kusi likivuma, msilale na jiko la makaa ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.