Kamera Gani Ilikuwa kwa Umati?

25 Juni 2024, saa nane na kitu mchana, nilikuwa karibu na Bunge na simu yenye chaji asilimia 19. Hiyo simu nilinunua na karo ya muhula ambao sikurudi chuo, kwa hivyo msiniulize bei. Mbele yangu msee alikuwa anaenda laivu TikTok. Kando yake dem anarekodi na mkono mmoja, mwingine umeshika leso puani juu ya vitoza machozi. Nyuma kabisa mzee wa makamo alikuwa na kabambe, ile ya picha za ukungu, na yeye pia ameinua. Hakuna mtu alituambia turekodi. Mkono ulipanda wenyewe.

Jioni nikapigia dani. Dani ni nyanya yangu, anaishi Kisumu. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimerekodi kila kitu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Nyakwara, na hiyo picha imebaki kwa nani?"

Sikushika swali. Nilidhani ni mambo ya wazee na simu. Nimekuja kulielewa pole pole, baada ya kusoma venye siku nzima za watu zimekuwa zikipotea, au kubaki, kwa sababu ya aina ya kamera iliyokuwa kwa umati.

Tuanze kwa dani. 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alienda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile watu wanaita Russia hadi leo. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wake na wakati huo anaongoza chama cha upinzani cha KPU, alikuwepo. Wakarushiana maneno mbele ya watu, umati ukachemka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ikasema waliokufa ni 11. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Mtajie dani hiyo 11 uone venye anasonya.

Sasa angalia kilichobaki. Hotuba ya Kenyatta ya siku hiyo ipo, unaweza kuitazama mtandaoni sai hivi, kwa sababu kamera zilizoalikwa zilikuwa zinaangalia jukwaa. Upande wa watu kulikuwa na macho tu. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado tunabishana ni wangapi walianguka, kila familia na hesabu yake.

Na si ati kamera za watu wa kawaida hazikuwa zimevumbuliwa. Kodak ilianza kuuza Brownie mwaka wa 1900 kwa dola moja, kisanduku cha kadibodi ambacho hata mtoto angeweza kutumia. Mohamed Amin, yule mpiga picha wa Nairobi aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984, alianza na Box Brownie akiwa kijana mdogo. Lakini kisanduku unanunua mara moja. Filamu unanunua tena na tena, na kuosha picha ni bili nyingine. Mama wa kuuza omena angebeba hiyo kitu kwa mkutano wa siasa ili iweje?

Kuna mahali walikuwa wanabeba. Miaka sita kabla ya Kisumu, 22 Novemba 1963, Rais John F. Kennedy alipita barabarani Dallas, Marekani, kwa gari lililo wazi. Abraham Zapruder, mwenye biashara ya nguo za wanawake, alikuwa ameacha kamera yake nyumbani asubuhi hiyo, na ni sekretari wake aliyemsukuma arudi kuichukua. Ilikuwa Bell & Howell ya filamu ya milimita 8, ile Wamarekani waliokuwa na pesa kidogo walitumia kurekodi watoto na likizo. Akapanda juu ya kizingiti cha saruji. Kwa vile alikuwa na kizunguzungu, mfanyakazi wake mwingine akamshika kwa nyuma asianguke. Alirekodi kama sekunde 26, bila sauti. Ndani ya hizo sekunde rais akauawa. Upande wa pili wa barabara Mary Moorman alikuwa na Polaroid, inayotoa picha papo hapo, naye akapata picha moja karibu kabisa na ile risasi ya mwisho. Hawa hawakuwa waandishi wa habari. Walikuja kuona rais akipita, kama venye wewe ungeenda kuona gari la msanii.

Sehemu ya hii stori ambayo watu huruka ndiyo ilinirudisha kwa dani. Filamu ya Zapruder ilikuwa moja. Zikatolewa nakala tatu, mbili zikaenda kwa walinzi wa rais, na yeye akauzia jarida la Life haki zote kwa dola 150,000. Akaomba kitu kimoja: fremu ya 313, ile ya kichwa kupigwa, isichapishwe. Mwananchi wa Marekani alikuja kuona hiyo filamu ikisonga kwa televisheni ya taifa Machi 1975. Zaidi ya miaka 11! Ushahidi ulikuwepo siku zote hizo, ila ulikuwa na mwenyewe.

Kwetu, kamera ilikuja kwa watu kupitia mtu wa kati. Mathe ana picha moja ya miaka ya tisini, Uhuru Park, sikukuu ya Jamhuri, amesimama kando ya mashua na mabega ya sweta kama ya mwanajeshi. Aliyempiga ni wale jamaa wa kuzunguka na kamera shingoni na sampuli mkononi. Filamu yake ina picha 36 na kila moja ni pesa ya chakula. Sasa fikiria huyo mtu anaona polisi wakikimbiza watu upande ule mwingine. Atapoteza picha hapo, ambapo hakuna mteja? Hapana, anageuza mgongo na kumwambia mathe atabasamu. Hata angepiga, lazima filamu ipite kwa mikono ya mtu wa studio, anayeona kila kitu, na miaka ya Moi hukujua mtu wa studio anaongea na nani. Ndiyo maana picha za Saba Saba, 7 Julai 1990, ambazo wengi wetu tumewahi kuona ni za waandishi wa habari. Mwananchi aliyekuwa Kamukunji alirudi nyumbani na macho mekundu na stori.

Kuhusu simu sitakaa sana, mnazijua. Sharp ilitoa moja Japani mwaka wa 2000 yenye megapikseli 0.11, takataka kwa macho ya leo, lakini ilikuwa na kitu ambacho Zapruder hakuwa nacho: ungeweza kutuma picha bila kupitia kwa mtu wa studio. Na kwa vile tuko hapa, ile picha mbili za Vatican mnazopenda kusambaza, 2005 watu hawana simu na 2013 uwanja mzima unawaka skrini, hailinganishi kitu kimoja. Ya 2005 ni watu waliokuja kuaga mwili wa Papa John Paul II. Ya 2013 ni watu wanaongoja kumwona Papa mpya. Simu ziliongezeka, ndiyo, lakini hata leo hakuna mtu anarukaruka na simu kwa matanga. Sawa, wengine wanafanya hivyo.

Turudi Bunge. Tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo 39 kwa maandamano hadi 1 Julai 2024. Kisha Aprili 2025 BBC Africa Eye ikatoa filamu ya Blood Parliament. Walikuwa wamechambua picha na video zaidi ya 5,000, za waandishi na za waandamanaji, wakaziunganisha pembe kwa pembe hadi wakafuata risasi kurudi kwa mikono iliyoshika bunduki. Ukitaka kujua tofauti ya 1969 na 2024, ni hiyo. Simu ya yule mzee wa kabambe ingeweza kuwa pembe moja.

Mimi nilitazama hiyo filamu mara mbili, na mara ya pili tumbo likanikata. Kwa sababu kuna jambo sijawaambia.

Video yangu ya siku ile ilikuwa dakika nne. Niliipandisha usiku huo huo, ikaenda vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Wiki mbili baadaye kijana fulani akaniandikia inboksi. Alikuwa kwa sekunde ya 51, koti la njano, uso wote. Wakati huo watu walikuwa wanachukuliwa majumbani na magari yasiyo na namba. Hakunitukana. Aliandika tu: "Buda, naomba utoe. Silali nyumbani."

Kamera ile ile. Ilikuwa imeona polisi, na ilikuwa imemwona yeye. Zapruder aliomba fremu moja ifichwe, mimi nilikuwa nimeweka dakika nne za nyuso za watu ambao sikuwauliza, nikahesabu watazamaji. Niliitoa ndani ya dakika kumi. Wengine walikuwa tayari wameishusha, na hao siwezi kuwafikia.

Nakala asili nilikataa kuifuta. Siku moja kuna mtu anaweza kuhitaji pembe yangu mahakamani. Sai nikitaka kupandisha kitu cha maandamano nakaa kwanza naziba nyuso, moja moja, kazi ya usiku mzima, na watazamaji wamepungua. Ile ya 25 Juni iko kwa flashi, ndani ya bahasha, kwa kabati la mathe chini ya albamu ya Uhuru Park. Dani nimemwambia iko wapi. Akaniuliza kama kabati lina kufuli.