Kupiga Kafi Mbali na Bahari: Mazoezi ya Masafa Marefu kwa Vijana Wetu Walioko Kitale na Bungoma



Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Bungoma, anakosoma. "Shikamoo, mjomba," akasema, "nimepata mwenzangu wa huku, Mbukusu. Tunataka kufanya mazoezi ya mtumbwi tushiriki mashindano ya masafa marefu. Mama nimemwambia, amekataa. Naomba uzungumze naye."

Dada yangu hakatai mchezo. Anakataa mto asioujua. Kwetu ami yetu mmoja alitoka alfajiri na hori kwenda kuvua, na jioni hori likaonekana peke yake. Mtu aliyelelewa na habari kama hiyo huwezi kumwambia "usiwe na wasiwasi" ukaishia hapo. Nilifanya kazi Bungoma miaka mitatu, na safari za Kitale zilikuwa za kila wiki, kwa hiyo nikakaa nikaandika ninayoyajua. Najua kuna vijana wengi wa Pwani wanaosoma au kufanya kazi huko bara, na huenda yakawafaa nao.

Mchezo wenyewe

Mtumbwi wa wazi ni chombo kisichofunikwa juu, na mpigaji hutumia kafi lenye bapa upande mmoja tu. Usichanganye na kayaki, ambayo aghalabu imefunikwa na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Wala usichanganye na kupiga makasia, ambako mpigaji hukaa akitazama tezi na kasia limeegemea ubavuni mwa chombo. Katika makasia tunaye wa kujivunia: Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Mwenye kafi hutazama omo, aone anakokwenda.

Mashindano ya mitumbwi si mageni Afrika Mashariki. Koo za Buganda hushindana kwa mitumbwi katika mbio zinazofungamana na Kabaka, na wavuvi wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria wana mashindano yao ya wanaume na ya wanawake. Ila mengi kati ya haya ni ya umbali mfupi, nguvu nyingi na kelele nyingi.

Masafa marefu ni jambo jingine. Afrika Kusini kuna mbio za Dusi, kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, kama kilomita 120 kwa siku tatu. Zilianza 1951. Walioanza mwaka huo walikuwa wanane, na aliyefika ni mmoja tu, Ian Player, baada ya siku zaidi ya sita. Uingereza kuna mbio za Devizes hadi Westminster, kilomita 200 hivi, na njiani washiriki hulazimika kukibeba chombo mara 77. Kanada kuna Yukon River Quest, kilomita 715 kutoka Whitehorse hadi Dawson City. Mbio hizi zote zina fundisho moja: anayefika ni aliyejipanga, na mara nyingi anamwacha nyuma mwenye misuli minene.

Maji yaliyoko huko

Mto mkubwa wa eneo hilo ni Nzoia. Chanzo chake ni milima ya Cherangany, nayo mito inayoshuka Mlima Elgon huuongezea maji. Unapita Trans Nzoia, unafika Webuye katika Kaunti ya Bungoma, kisha unateremka kuelekea Mumias na Budalangi, na kuingia Ziwa Victoria.

Sikiliza vizuri hapa, mpwa wangu. Karibu na Webuye kuna maporomoko ya Nabuyole, ambayo zamani yaliitwa Broderick. Hapo hapapitiki kwa mtumbwi, na sehemu ya juu yake si mahali pa kujaribia bahati. Maji ya mto hayafanani na maji ya Pwani. Bahari yetu ina ratiba: inajaa na kupwa, tunajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Mto hauna ratiba hiyo. Mvua ikinyesha Elgon usiku, Webuye kunaweza kuwa na jua kali asubuhi, na bado mto ukapanda ghafla ukiwa umebeba magogo. Masika huanza Machi, na huko magharibi mvua huendelea hadi Agosti na zaidi. Miezi hiyo Nzoia si uwanja wa mwanafunzi.

Huku chini Budalangi kuna mamba na viboko, na mafuriko yake mnayasikia katika habari kila mara. Kwa hiyo mazoezi ya kila siku yafanyike kwenye bwawa lililotulia, na mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma yanayo mabwawa. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba, na muulizeni kina, matope na wanyama. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mkishaiva, nendeni ziwani Port Victoria au Sio Port mwisho wa wiki mkiwa na mvuvi wa hapo. Ziwa hutulia asubuhi. Mchana upepo huamka na mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana, yanajaza mtumbwi upesi. Saa nne asubuhi muwe mmeshatoka majini.

Kafi na namna ya kulipiga

Kafi refu mno linachosha mabega, na fupi mno linakuinamisha. Kaa kwenye benchi gumu, ligeuze kafi kichwa chini, mshiko uguse benchi katikati ya miguu yako. Pale bapa linapoanza pawe karibu na pua yako.

Kosa la wengi ni kuvuta kwa mikono. Mikono ni kamba tu. Injini ni kiwiliwili. Zungusha bega mbele, zamisha bapa lote karibu na miguu yako kabla hujavuta, kisha fungua kiwiliwili mpaka kafi lifike usawa wa nyonga. Hapo litoe. Ukilipitisha nyuma ya nyonga unainua maji tu, na chombo kinadidimia badala ya kwenda.

Mkiwa wawili, wa omo ndiye anayeweka mwendo, na wa tezi anafuata huku akiongoza. Pigeni pande tofauti. Kila baada ya mapigo kumi hivi, mmoja atoe sauti na wote mbadilishe upande bila kupoteza pigo. Hiyo hunyoosha njia na kugawa uchovu. Mapigo 55 hadi 65 kwa dakika yanatosha kwa safari ya saa nyingi. Anayeanza kwa 80 hataimaliza.

Ratiba ya wiki kumi na sita

Wiki ya 1 hadi ya 4: mara tatu kwa wiki, dakika 45 hadi saa moja, mwendo ambao mnaweza kuzungumza bila kuhema. Shabaha ni mtindo, si kasi. Ongezeni kuogelea mara moja kwa wiki.

Wiki ya 5 hadi ya 10: mara nne kwa wiki. Siku moja iwe ya kasi: dakika nne za nguvu, dakika mbili za kupumzika, mara sita. Siku moja iwe ndefu, ianze saa moja na nusu na ipande kidogo kidogo hadi saa tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeruka kutoka saa moja hadi saa tatu kwa wiki moja hupata bega bovu.

Wiki ya 11 hadi ya 14: safari ndefu ifike saa nne au tano. Fanyeni mazoezi ya kukibeba chombo, kwanza mita 100, kisha mita 500. Jaribuni chakula na nguo mtakazotumia siku ya mashindano.

Wiki ya 15 na ya 16: punguzeni hadi nusu, kisha theluthi. Mwili hujijenga ukiwa umepumzika.

Fanyeni hesabu mapema. Mtumbwi mzito wa kawaida kwenye maji tulivu huenda kama kilomita 7 kwa saa. Kilomita 50 ni saa saba na zaidi. Kama hamjawahi kukaa saa tano kwenye ubao ule, mgongo utawaambia ukweli.

Siku zisizo na maji karibu, bara ina zawadi yake. Kulima kwa jembe, kubeba gunia la mahindi na kupanda vilima kunajenga kiuno na miguu, na miguu nayo husaidia kuusukuma mtumbwi.

Baridi ya Kitale, joto la nyumbani

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma kama mita 1,400. Kitale kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Kijana aliyetoka Pwani atahema wiki za mwanzo. Asilazimishe. Wanariadha wetu hufanya mazoezi Iten kwa sababu mwili ukizoea hewa ya juu huongeza uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Lakini mlima unachukua kitu pia. Mwili husahau joto. Ukitoka Kitale moja kwa moja ukashindana Lamu au Mombasa wakati wa kaskazi, joto litakushinda kabla ya wapinzani. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto tena. Rudi nyumbani mapema, fanya mazoezi mepesi saa za jua, na Mama atafurahi kukuona.

Chakula, maji na Ramadhani

Safari ikizidi saa moja na nusu, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Tende sita za kawaida zinafika gramu 30 hivi, na ndizi mbivu moja karibu gramu 25. Kunywa kidogo kidogo, nusu lita hivi kwa saa, na joto likizidi ongeza maji na chumvi kidogo. Usiyanywe ya mtoni bila kuyachemsha au kuyatibu.

Ramadhani si mwezi wa safari ndefu. Saa moja nyepesi kabla ya magharibi inatosha, ili ukitoka ufuturu. Usiingie majini usiku baada ya tarawehe, hata kama unaona una nguvu. Mashindano yakiangukia mwezi huo, muulize sheikh wako mapema, wala usijitolee fatwa ufukweni.

Mambo yasiyojadiliwa

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na lifungwe. Lililokaliwa kama mto wa kiti halijawahi kumwokoa mtu. Kila mmoja aweze kuogelea mita 200 akiwa na nguo zake. Jifunzeni kupindua mtumbwi makusudi kwenye bwawa, kuugeuza na kuukumba maji. Ukipinduka, shika chombo. Usikiache ukaogelee pwani ya mbali. Chukueni upo wa kukumbia maji, kamba na filimbi. Mtu mmoja nchi kavu ajue mmetoka saa ngapi na mtarudi saa ngapi. Radi ikisikika, tokeni.

Kichocho nacho kipo ziwani na kwenye maji yaliyosimama yenye konokono. Epukeni kukaa kwenye mafunjo, jikausheni upesi, na mkapimwe hospitalini. Dawa ipo.

Niliyomwambia dada yangu

Nilimsomea haya yote kwa simu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na huyo Mbukusu, anajua kuogelea?"

Nikampigia mpwa wangu. Akakiri kwamba mwenzake hajui. Mto kaukulia, lakini kaukulia ukingoni, akichota maji na kunywesha ng'ombe. Basi tukaweka sharti: miezi miwili ya kwanza hakuna mtumbwi. Mpwa wangu amfundishe mwenzake kuogelea, na mwenzake amfundishe kuusoma mto, ajue rangi gani ya maji inamaanisha mvua imenyesha mlimani. Dada yangu alikubali kwa sharti hilo na jingine lake mwenyewe, kwamba apigiwe simu kila wakitoka majini, hata kama ni dakika kumi.

Nawaomba wazazi wengine mlifikirie hili. Vijana wetu wamezaliwa na kafi mikononi, na wajomba zao Wapokomo wanaendesha mitumbwi Mto Tana tangu enzi. Tukiwakataza tu, wataingia majini kwa siri, bila jaketi na bila mtu wa kuwasubiri. Afadhali waingie tukijua.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waende, wafike mbali, na warudi nyumbani salama, inshallah.