Majina Yaliyokosekana Ujiji

Kila mgeni tunayempeleka Ujiji tunamwonyesha kwanza miembe, kisha jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Tangu shuleni tumelijua jambo hilo kuwa ni Mzungu kumkuta Mzungu mwenzake. Mwaka huu tumeuliza jingine: katika nyumba ile ya udongo, nani alikuwa akipika?

Alikuwepo Halima, mpishi. Stanley mwenyewe amemtaja. Alikuwepo Susi, aliyemlaki Stanley njiani kisha akarudi mbio kumpa Livingstone habari. Alikuwepo Chuma, aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka msafara wa watumwa katika Malawi ya leo. Na Stanley alikuja na mtoto Kalulu, ambaye Mwarabu mmoja wa Tabora alimpa zawadi, kama mtu anavyotoa mbuzi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma, Halima na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Hao angalau wana majina. Waliovushwa ziwa kutoka Manyema, wakashushwa ufukweni kwetu na kuanza kutembea zaidi ya kilomita 1,000 kwenda pwani, hawana jiwe. Na si wote waliopelekwa pwani. Wengine walibaki hapa hapa, wakilima mashamba ya mabwana, wakibeba pembe, wakivuta makasia. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, yaani babu za baadhi yetu walikuwa wameshazaliwa.

Hapo ndipo mazungumzo hukatika nyumbani. Ukimwuliza bibi ukoo ulivukaje ziwa, atakujibu, "Sisi ni waungwana," na kukusogezea sahani ya migebuka. Tunamwelewa. Jina hilo watu walijichagulia wenyewe, na halikupatikana bure. Lakini wazee wanaondoka, na wanaondoka na majina.

Njia ya Ujiji hadi Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Wageni watakuja, nasi tutawasimulia habari za Wazungu wawili tu?

Kwa hiyo, baada ya madawati na zahanati, tunaomba sehemu ya michango ya mwaka huu inunue vinasa sauti na kulipia nauli za vijana watakaokaa na wazee wa Ujiji na Kigoma mjini. Mwenye bibi au babu aliye tayari kuzungumza amwone mweka hazina siku ya harambee. Jina la ukoo halitaandikwa popote bila ruhusa ya wenyewe.