Mgeni wa Januari kwenye Kaburi la Poe

Edgar Allan Poe alizaliwa Boston, Januari 19, 1809. Mnara uliozinduliwa juu ya kaburi lake Baltimore mwaka 1875 unasema Januari 20. Mwenyewe naye aliuchafua zaidi uwanja: katika maelezo aliyomwandikia mhariri Rufus Griswold, alijipunguzia umri na kudai kwamba alizaliwa 1811.

Griswold huyohuyo ndiye aliyemzika Poe mara ya pili. Siku mbili baada ya kifo chake, Oktoba 9, 1849, gazeti la New York Tribune lilichapa taazia iliyotiwa saini ya uongo, "Ludwig", ikidai kwamba ni wachache watakaomlilia marehemu. Picha ya mlevi aliyerukwa na akili ilienea tangu hapo, na magazeti yalichukua miongo mingi kuifuta. Kufikia 1909, alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, mambo yalikuwa yamegeuka: London waandishi walimwandalia karamu, na mwenyekiti wake alikuwa Arthur Conan Doyle, aliyekiri wazi deni lake kwa hadithi za upelelezi za Poe.

Lakini kilichoyapa magazeti habari ya kila Januari hakikuwa kitabu. Alikuwa mtu asiyejulikana. Usiku wa kuamkia Januari 19 aliingia makaburini Westminster, Baltimore, kavaa nguo nyeusi na kujifunika uso, akaenda pale Poe alipozikwa kwanza, nyuma ya kanisa, akaacha mawaridi matatu na chupa ya konyaki iliyonywewa nusu. Wengi waliamini mawaridi ni ya Poe, mkewe Virginia na mama mkwe wake Maria Clemm, ambao wote wamelala katika makaburi hayo. Gazeti la Evening Sun la Baltimore lilimtaja tangu 1950. Kwa hiyo mzee mmoja wa kanisa alipojitokeza mwaka 2007 akidai kuwa yeye ndiye aliyeubuni mchezo huo miaka ya sitini, karatasi za zamani zilimsuta.

Jarida la Life lilichapa picha ya mgeni huyo mwaka 1990, gizani, kapiga magoti. Jeff Jerome, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Poe, alikesha miaka mingi ndani ya kanisa na wageni wachache, wakichungulia dirishani bila kumkamata. Hilo nalistahi: waandishi waliokuwa na uwezo wa kumfichua waliamua kumwacha. Pengine walijua pia kwamba jina likitoka, habari imekwisha.

Wakati mwingine mgeni aliacha ujumbe. Wa 1993 ulisema mwenge utapokezwa. Wa 1999 ulidokeza kwamba mzee wa awali amefariki. Mrithi hakuwa na staha ileile. Mwaka 2001 aliitabiria New York Giants ushindi dhidi ya Baltimore Ravens, timu iliyopewa jina kutokana na shairi la Poe. Mashabiki wakang'aka, kisha Ravens wakashinda 34 kwa 7.

Alionekana mara ya mwisho 2009, Poe akitimiza miaka mia mbili. Mwaka uliofuata kamera zilisubiri hadi alfajiri, hola. Magazeti yakaandika kutokuja kwake kwa wino mwingi kuliko yalivyowahi kuandika kuja kwake. Mwaka 2016 Jumuiya ya Historia ya Maryland ilimleta mgeni mpya, aliyechaguliwa kwa mashindano. Huyu alikuja mchana, na fidla yake, mbele ya umati uliokwisha kuarifiwa.